Mtungi wa Maji kwa Landhi ya Ishirini na Sita

Ninyi mnaoniuliza pale kwa kinyozi kwa nini bega langu la kulia limeshuka kuliko la kushoto, na ninyi wa darasa la jioni mliodhani nimehamia Pwani, jibu ni hili. Nimeamua kuliandika, kwa sababu nikisimulia kwa mdomo naongeza ndovu kila mara. Jana kwa kinyozi walikuwa wamefika kumi na wanne. Kwa maandishi nitajitahidi kubaki na mmoja.

Katelembo, kwenye kochi

Safari ilianzia mbele ya televisheni. Kila Jumapili saa kumi jioni kuna kipindi cha reli za zamani: stesheni zilizofungwa, madaraja yasiyopitwa na treni, mabehewa yaliyoota nyasi. Marehemu baba alikuwa hakikosi. Alifanya kazi kwenye gengi, wale watu wa kukaza reli na kubadilisha mataruma, na baada ya kustaafu kazi yake ilikuwa kubishana na mtangazaji. Mtangazaji akisema moja, baba anasema matatu, na mama anawaambia wote wawili wanyamaze.

Mimi nilizaliwa kwenye reli. Hilo sijaongeza. Wazazi wangu waliishi kwenye landhi, zile nyumba za mawe za wafanyakazi, kwenye njia ya Voi kwenda Taveta ambayo siku hizi haina treni. Landhi yao iliitwa Ishirini na Sita. Uchungu ulipomshika mama, jirani yake Wakesho, Mtaita, alimpandisha kwenye toroli ya gengi, wanaume wakaisukuma kuelekea hospitali, nami nikaona hakuna haja ya kungoja. Nilitokea njiani, mikononi mwa Wakesho. Ndiyo maana naitwa Kyalo, safari, kama Wakamba tunavyomwita mtoto wa namna hiyo.

Maji ya landhi, yenye chumvi kidogo kama maji yote ya pande zile, yaliletwa na treni mara moja kwa wiki, kila nyumba ikakinga madebe yake. Nikiwa bado wa kunyonya, tena na homa, debe la mwisho la mama likatoweka. Mama akasimama uwanjani, mbele ya milango yote sita, akamwita Wakesho mwizi wa maji. Wakesho hakujibu. Aliinua debe lake mwenyewe, akaliweka mlangoni petu, akaingia kwake. Wiki iliyofuata baba akahamishiwa Konza, na wale wanawake wawili hawakuagana.

Mwaka wa mwisho wa uhai wake, baba alikuwa akitazama kipindi chake, likaonyeshwa behewa la maji limeoza kwa kutu. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mama Kyalo," akasema, "lile debe ni mimi. Nilipikia pombe."

Mama hakumsemesha siku tisa. Mimi huwa nasema mwezi, lakini zilikuwa tisa. Baba akaja akafa, reli ilikwisha kufa zamani, na mama akabaki na deni la maji asilojua atalipeleka wapi.

Halafu Jumapili moja, mtangazaji amesimama mbele ya landhi fulani, kofia mkononi, anaongea kwa sauti ya matangani: "Leo hakuna anayeishi hapa. Umebaki upepo tu." Nyuma yake akapita bibi kizee, ndoo kichwani, taratibu, bega la kushoto mbele.

"Na huyo ni nani?" mama akapiga kelele. "Huyo ni upepo?"

"Nani, mama?"

"Ni Wakesho! Huo mwendo naujua. Kyalo, tafuta mtungi."

Binti yangu Mwende alitazama kwenye simu, akaninong'oneza kwamba kipindi hicho ni cha marudio, kilirekodiwa miaka mitatu iliyopita. Tukatazamana. Mama hatukumwambia.

Katelembo hadi Kyumvi

Mtungi ni ule wa njano wa lita ishirini, na mama aliujaza mwenyewe kisimani kwetu. Nikamwambia Voi kuna maji. Akaniambia, "Ya Voi ni ya Voi. Mimi nilichukua yake, nitarudisha yangu."

Nikapendekeza treni mpya, ile ya haraka. Akaniuliza kama wale askari wa mlangoni, wanaomvua mtu mpaka mshipi, wataruhusu maji lita ishirini. Ikawa basi.

Bodaboda mbili zilitupeleka Kyumvi, mama kwenye moja, mimi na mtungi kwenye nyingine. Kila tuta maji yalisema gulp, na mwendeshaji aligeuka akaniuliza, "Mzee, umesema kitu?" Aliniuliza hivyo mara tisini. Basi lilisemekana litafika saa mbili. Lilifika saa tano, tumeshamaliza mahindi ya kuchoma na habari zote za muuza mahindi, mpaka za mbuzi wa shemeji yake.

Kyumvi hadi Mtito Andei

Kondakta, mtu mzima mwenye tumbo la heshima, aliuona mtungi akainua mkono.

"Mathe, petroli haipandi hapa."

"Ni maji."

"Maji? Mnapeleka maji wapi?"

"Voi."

"Voi kumekauka mpaka wanaletewa maji na Wakamba?" Basi zima likacheka. Aliufungua, akanusa, akamimina tone kiganjani akalionja, kisha akamtazama mama kwa makini. "Haya maji ni ya nini hasa?"

"Haya maji ni ya mtu," mama akasema, akaufunga mtungi.

Kosa ndilo hilo. Akina mama wa kiti cha nyuma walisikia "maji ya mtu", wakaona na rozari ya mama, wakajumlisha. Kabla ya Emali habari zilikuwa zimefika mbele kwa dereva kwamba kuna mama Mkatoliki kutoka Machakos mwenye maji yaliyoombewa. Mtito Andei tuliposhuka kula, mama mmoja akanifuata mezani na goti lake.

"Baba, tone moja tu. Goti hili linanisumbua tangu mvua za vuli."

"Mama, ni ya kisima."

"Hata Yakobo alikuwa na kisima."

Sisi wa gumbaru, lile darasa la jioni la watu wazima, tulisoma jiografia na hesabu, Biblia tukaliachia kanisa. Nikarudi kwenye chapati na maharagwe yangu, na maharagwe ya Mtito yana mawe ya kutosha kujenga choo. Mama ndiye aliyemshika yule mwanamke mkono, akamkalisha.

"Dada, nilimkosea mtu. Haya maji ni yake. Nikikupa wewe, nitakuwa nimeiba mara ya pili."

Yule mama akasema, "Basi nenda uyafikishe. Yangu nitayaombea mwenyewe." Akamsogezea mama kikombe chake cha chai ambacho hakuwa amekigusa.

Voi hadi nguzo nyeupe

Voi tulilala tu, hakuna cha kusimulia. Asubuhi nilichukua uongozi wa msafara. Nilikuwa nimepima kwenye simu: kutoka Voi, kilomita ishirini na sita, unafika karibu na Mwatate. Gari likatushusha pale niliposema, tukakata kichakani mama akiinua leso miiba isiishike, na kweli reli ikajitokeza, imelala ndani ya nyasi kama nyoka aliyesahauliwa na mama yake. Kando yake, nguzo fupi nyeupe ya saruji. Nikakwangua uchafu. 26.

"Mama!" nikasema. "Tumefika!"

Mama akatazama huku na huku. Palikuwa na kuta mbili za mawe zilizoanguka na mti umeota katikati. Nikaona uso wake ukibadilika. Alidhani zile kuta ndizo nyumba, na kama nyumba zimeanguka, basi na mwenyewe. Akaketi juu ya reli.

Baadaye akainua kichwa. "Kilima kiko wapi?"

"Kipi?"

"Tulikuwa tukifungua mlango, kilima kiko hapa, karibu kiguse uji. Hiki kiko mbali. Hapa sipo, Kyalo."

"Mama, imeandikwa ishirini na sita."

Mtu mmoja aliyekuwa akirekebisha ua wa shamba la mkonge alisikia tunabishana, akaja na nyundo yake. Nikamweleza kwa ufasaha wote wa cheti changu. Akatabasamu polepole.

"Hiyo ni ya kilomita, mzee. Nguzo hizi ziliwekwa baadaye. Landhi zilipewa majina kwa maili, na watu wa reli hawakubadilisha. Baba yangu alikuwa Landhi ya Kumi na Mbili mpaka anakufa, na hakuna kilomita kumi na mbili yoyote aliyokuwa akiijua."

Mama akanigeukia. "Baba yako alisema maili maisha yake yote."

"Ndiyo, mama."

"Ulisoma usiku. Labda taa ilikuwa hafifu."

Yule bwana alicheka mpaka akashika ua. Nikapiga hesabu mchangani kwa kijiti: maili ishirini na sita ni karibu kilomita arobaini na mbili. Zilikuwa zimebaki kumi na sita, kupita Bura. Ilikuwa saa sita mchana, na mtungi ulikuwa na uzito wa ng'ombe aliyeshiba.

Nguzo nyeupe hadi Bura

Tulirudi barabarani, tukatembea. Magari yalipita yamejaa. Chupa yetu ya kunywa iliisha. Nikamwomba mama tunywe kidogo ya mtungi. Akasema yeye hana kiu, na mtu akisema hana kiu huku midomo imeshikana, usibishane naye. Mbele yetu katikati ya lami palikuwa na kinyesi cha ndovu, kipya, chungu nzima. Huyo ndiye ndovu wangu niliyewaahidi. Mwenyewe sikumwona, na sikumtafuta.

Mbele kidogo tukakuta pikapu imeegeshwa, boneti wazi, moshi mweupe unatoka. Nyuma ilikuwa na makreti ya nyanya. Dereva, jamaa wa makamo aliyejitambulisha kwa jina la Mwakio, alikuwa amekaa kwenye jiwe akiutazama mtungi wetu tangu tulipokuwa mbali, wadogo kama sisimizi.

"Wazee, Mungu amewaleta. Rejeta imekauka. Nipeni hayo maji, nitawapeleka popote."

"Haya maji ni ya mtu," mama akasema.

"Mtu gani huyo anayeshinda mtu aliyekwama?"

"Anaitwa Wakesho. Wa landhi."

Mwakio akasimama. "Wakesho yule wa reli? Aliyewachezea shere watu wa televisheni?"

Mama akamshika mkono kwa nguvu. "Yuko hai?"

"Mwezi uliopita nilimwachia nyanya, alikuwa hai kabisa, alinitukana kwa sababu zilikuwa mbichi. Lakini nasikia tangu wiki jana hatoki nje. Mguu, au kitu gani, sijui."

Nilimtazama mama. Kwa siku mbili alikuwa ameulinda ule mtungi kama yai. Aliufungua mwenyewe.

"Afadhali nifike na nusu nikamkute," akasema, "kuliko nifike na yote nimkose. Mimina."

Rejeta ya Mwakio ilikunywa kama ngamia. Ilikunywa nusu, ikapumzika, ikaomba tena. Iliposhiba, mtungi ulikuwa na robo tu. Mama akaupakata mapajani njia nzima, akisali bila sauti, midomo tu ikicheza.

Landhi ya Ishirini na Sita

Kilima kilikuwapo, karibu kabisa. Mama alikiona kabla ya nyumba, akasema, "Ehe," kama mtu aliyekutana na shemeji. Halafu landhi: mawe yaleyale ya kwenye televisheni, milango sita kwa mstari, mitano imefungwa au haipo. Mlango wa tatu ulikuwa na moshi.

Mama akabisha hodi.

"Nani?"

"Mama Kyalo."

Kuku mmoja akapita.

"Kyalo wa toroli?"

"Huyohuyo. Nimekuja naye."

"Ingieni. Mguu umeteguka, siwezi kuja."

Alikuwa ameketi kwenye kigoda, mguu umefungwa kitambaa, mwembamba, macho makali. Akanitazama kuanzia kichwani. "Nilimshika akiwa hivi," akaonyesha viganja viwili. "Sasa ni toroli yenyewe."

Mama hakucheka. Aliuweka mtungi kwenye kizingiti, palepale mtu angeweka debe. "Nimekurudishia maji yako. Yamepungua njiani. Wakesho, hukuiba. Nilikusingizia."

"Mwizi alikuwa nani?"

"Mume wangu. Alipikia pombe. Aliniambia akiwa mzee."

"Na wangu akamsaidia kuinywa," Wakesho akasema. "Nilijua siku ileile. Nilisikia harufu nyuma ya tangi."

"Ulijua!" mama akakaa chini bila kuambiwa. "Mbona hukusema?"

"Ulikuwa na mtoto mwenye homa kifuani. Ningekwambia ni mumeo, ungemfukuza, na wiki ile nani angekukatia kuni? Nikaona nitasema homa ikiisha. Homa ikaisha, mkahamishwa." Akageuza uso kwenye moto. "Lakini usidhani sikuwa na hasira. Mlienda bila kuaga. Na gengi lote liliniita Mama Debe mpaka likavunjwa. Watoto wao walikuwa wanaficha maji nikipita. Wewe ulisema mara moja, mimi nilisikia miaka."

Mwakio, aliyekuwa mlangoni na kreti ya nyanya, aliiweka chini kwa upole.

Mama akainuka. Akatoka nje mpaka katikati ya uwanja, mahali pa wazi mbele ya ile milango, akafunga leso kiunoni.

"Mama, unafanya nini?"

"Neno nililolisema uwanjani, nitalifutia jikoni?"

Akaenda mlango wa kwanza, ule usio na ubao, akagonga jiwe la ukuta. "Mama Odhiambo! Ni mimi Mama Kyalo. Wakesho hakuiba maji. Ni baba Kyalo." Akaenda wa pili. "Mama Nekesa! Wakesho hakuiba maji!" Akaruka wa tatu wenye mwenyewe, akaenda wa nne. Uliokuwa wetu ulikuwa wa tano. Akasimama hapo, akaugonga kwa kiganja, mara mbili, kwa nguvu. "Na wewe Mama Kyalo, uliye humo ndani na mdomo wako! Wakesho hakuiba maji!"

Wakesho alikuwa amejikokota mpaka kizingitini, ameshikilia fremu ya mlango. Mwanzo alikuwa anacheka. Mama alipofika mlango wa sita, hakuwa anacheka tena. Mama aliporudi, Wakesho akamwambia, "Umesahau tangi." Mama akaenda mpaka kwenye tangi la kutu, akaligonga, likalia kama kengele, akaliambia na lenyewe.

Jioni ile tulikula kimanga, ndizi na maharagwe yaliyopondwa pamoja, na nyanya za Mwakio, ambazo kweli zilikuwa mbichi. Wakesho akatueleza habari za televisheni. Yule kijana mwenye kofia alimwomba asogee kidogo nyuma ya nyumba, kwa sababu walitaka mahali paonekane hapana mtu. "Nikamwambia sawa, mwanangu. Nikaenda nikachukua ndoo, nikapita."

Kurudi

Tulikaa siku mbili. Wale wawili waliongea kwa zamu, na wakati mwingine bila zamu. Mama alimkanda mguu kwa maji yale yale ya robo tuliyoyafikisha, mpaka yakaisha, na siku ya pili Wakesho akatembea hadi kwenye reli bila fimbo.

Asubuhi ya kuondoka nilikuta mtungi wangu mlangoni. Nikauinua kwa kidole kimoja, kwa furaha ya mtu anayejua ni mtupu. Haukuinuka. Ulikuwa umejaa mpaka shingoni.

"Shangazi, hii ni nini?"

"Chombo cha mtu hakirudishwi kitupu," Wakesho akasema. "Kwenu mnakirudisha kitupu?"

Nikamtazama mama aniokoe. Mama alikuwa anatazama kilima.

Basi nimebeba lita ishirini za maji kutoka Katelembo hadi kupita Bura, na lita ishirini nyingine kutoka kupita Bura hadi Katelembo. Kondakta alikuwa yuleyule. Alinitazama, akautazama mtungi, akasema, "Mzee, sasa Wataita ndio wanawaletea ninyi?" Bega langu ndilo hilo mnalolicheka.

Jumapili iliyopita mama alipika chai kwa maji hayo, tukakaa kwenye kochi. Kipindi kilikuwa cha marudio tena, kilekile. Mtangazaji akasimama mbele ya landhi, akavua kofia, akasema hakuna anayeishi hapa, umebaki upepo tu. Bibi akapita na ndoo yake. Mama akanywa, akalamba midomo.

"Yana chumvi ileile," akasema, akajaza kikombe tena.